Judith Ayaa, binti wa mzunguko mmoja

Historia yetu ya wiki hii ni ya mkimbiaji mmoja wa Uganda ambaye wengi wetu hatukuwahi kusikia jina lake mpaka juzi. Anaitwa Judith Ayaa. Lakini kabla ya kumfikia tuwaambie ukweli: hatukumtafuta kwa sababu ya kupenda historia. Tulimtafuta ili tushinde mabishano na mama mmoja.

Iko hivi. Kwenye kundi letu tuna wasichana wanne wa mbio za kupokezana vijiti. Mmoja Mkongomani, mmoja Mrundi, mmoja Msomali, mmoja Mnyarwanda. Kijiti chao ni kipande cha bomba la maji. Tulikikata sentimita 30, maana tulisoma kwamba kijiti halisi kina urefu wa sentimita 28 hadi 30. Kiwanja ni kile kile cha mpira, tumekipima kwa kamba, na mara nyingine inabidi tusubiri ng'ombe wapite kwanza. Wasichana hawa wakigombana, wanagombana kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo wote wanne wanayo.

Anayekimbia wa mwisho ndiye mwenye kasi kuliko wenzake. Ana miaka 17. Mwezi uliopita mama yake akamkataza kuja mazoezini. Tukaenda watatu kumwona. Tulimkuta anachambua maharage mlangoni. Alitusikiliza mpaka mwisho, wala hakutukatiza, halafu akauliza swali moja tu: "Wanangu, hizo mbio zinaleta unga?"

Tukaanza kumtajia watu. Tukamtajia Joshua Cheptegei. Akasema huyo ni mwanaume. Tukamtajia Peruth Chemutai, binti wa Sebei, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya Olimpiki, tena ya dhahabu, pale Tokyo mwaka 2021. Mama akatabasamu kidogo. "Huyo nimemsikia redioni. Si ndiye anaruka maji na miti? Wangu mnaniambia anakimbia mzunguko mmoja. Nileteeni wa mzunguko mmoja."

Basi tukaondoka na kazi ya nyumbani.

Wawili wetu walikuwa na safari ya Mbarara wiki ile kufuatilia mambo ya chuo. Walipomaliza wakakaa kwenye kibanda kimoja cha intaneti karibu na High Street, wakalipia saa moja, wakaanza kutafuta: mwanamke, Uganda, mita 400. Wakampata. Walirudi jioni wakiwa na furaha mpaka wakatuita wote usiku ule ule. Tuliyoyajua baada ya pale ndiyo haya.

Judith Ayaa alizaliwa mwaka 1952, Mwacholi kutoka kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1970, akiwa na miaka 18 tu, alikwenda Edinburgh, Uskoti, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Uganda ilikuwa na karibu miaka minane tangu ipate uhuru. Medali ilikuwa imeshapata: Patrick Etolu alileta fedha ya kuruka juu tangu mwaka 1954, na mabondia wakaleta za kwao. Wote hao walikuwa wanaume. Ayaa akaingia fainali ya mita 400 na kumaliza wa tatu kwa sekunde 53.77. Shaba. Hakuna mwanamke wa Uganda aliyekuwa ameshinda medali kwenye michezo hiyo kabla yake.

Hebu tuitazame fainali ile vizuri, maana ina mambo. Aliyeshinda alikuwa Marilyn Neufville wa Jamaica, naye alikuwa msichana wa miaka 17. Alikimbia sekunde 51.02 na kuvunja rekodi ya dunia. Wa pili alikuwa Sandra Brown wa Australia, sekunde 53.66. Sasa piga hesabu. Kati ya Neufville na wa pili kuna zaidi ya sekunde mbili na nusu, yaani karibu mita 20 za uwanja. Siku ile hakuna aliyekuwa wa kumfikia. Lakini kati ya fedha ya Brown na shaba ya Ayaa kuna sehemu 11 za sekunde moja iliyogawanywa mara 100. Kwa kasi waliyokuwa nayo, hiyo haifiki mita moja. Msichana wa miaka 18 kutoka Acholi alikosa medali ya fedha kwa hatua ambayo wewe ukiwa unatembea huwezi hata kuihesabu.

Na mita 400 si mbio ya mchezo. Waliowahi kuikimbia wanajua. Mita 200 za kwanza unajiona mfalme. Kwenye kona ya pili mwili unaanza kukudai. Mita 100 za mwisho miguu inakuwa kama magogo, mikono inagoma, na kila mtu uwanjani anakuona unavyoteseka. Ni mbio fupi ambayo haina ufupi wowote ukiwa ndani yake.

Kuna jambo lingine tulilojifunza hapo, na dada zetu lilituumiza. Hata ruhusa ya kukimbia mzunguko mmoja, wanawake waliipata kwa kuchelewa sana. Mwaka 1928 kwenye Olimpiki ya Amsterdam, Mjapani mmoja, Kinue Hitomi, mkimbiaji wa mbio fupi, aliingia mita 800 na kupata medali ya fedha, mwanamke wa kwanza wa Japani kupata medali ya Olimpiki. Baada ya mbio ile wakubwa wa michezo wakasema wanawake wamechoka mno, mbio ndefu haziwafai. Mita 800 ikaondolewa kwa wanawake mpaka mwaka 1960. Hitomi mwenyewe alifariki mwaka 1931 akiwa na miaka 24. Mita 400 ya wanawake iliingia Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1964. Kwa hiyo Ayaa aliposimama kwenye mstari kule Edinburgh, mbio yenyewe kwa wanawake ilikuwa bado changa. Hakuwa na dada mkubwa wa kumwonyesha njia.

Miaka miwili baadaye akaenda Olimpiki ya Munich, Ujerumani, mwaka 1972. Aliingia tena mita 400. Hakufika fainali, dhahabu ilichukuliwa na Monika Zehrt wa Ujerumani Mashariki kwa sekunde 51.08. Michezo ile ile ndiyo ya kwanza wanawake kukimbia kupokezana vijiti mara nne mita 400, mbio ambayo wasichana wetu wanaifanyia mazoezi hapa kiwanjani.

Munich inakumbukwa Uganda kwa sababu ya mtu mwingine, John Akii-Bua, aliyeshinda mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia na dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda. Inakumbukwa duniani pia kwa msiba, pale wanamichezo wa Israeli waliposhambuliwa na kuuawa. Na nyumbani Uganda, wiki hizo hizo, Idi Amin alikuwa amewapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Wanamichezo walikimbia Ulaya chini ya bendera ya nchi ambayo watu wake walikuwa wanafunga mizigo.

Baada ya hapo milango ikaanza kufungwa. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwemo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Sababu ilikuwa ya haki, hilo hatubishani nalo. Lakini mkimbiaji ana miaka michache tu ya miguu yake, na miaka ikipita hairudi. Ayaa aliacha kushindana miaka hiyo ya sabini.

Mwaka 1979 Amin akaanguka. Hapa kuna kitu ambacho kila kijana wa Nakivale anatakiwa akijue: Akii-Bua, bingwa wa Olimpiki, alikimbilia Kenya na familia yake na akawekwa kwenye kambi ya wakimbizi. Ndiyo, kambi. Mtu mwenye dhahabu alipanga foleni kama sisi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kutoka, akaenda kuishi na kufanya kazi Ujerumani. Baadaye alirudi Uganda, akafariki mwaka 1997 akiwa na miaka 47.

Na Ayaa? Hakuna kampuni ya viatu iliyomjua. Kuanzia mwaka 1987 kaskazini kwa Waacholi kukaingia vita vingine, vile vya Lord's Resistance Army, vikaenda karibu miaka 20. Watu zaidi ya milioni moja waliondolewa vijijini wakaishi kwenye kambi ndani ya nchi yao wenyewe. Wengine walikimbilia Kampala, na pale Kireka wanawake wengi wa Kiacholi waliishi kwa kuponda mawe kuwa kokoto za ujenzi, wakikaa juani na nyundo mkononi na watoto pembeni.

Miaka yake ya mwisho, Judith Ayaa naye alikuwa anaponda mawe ili alishe watoto wake. Medali ya kwanza ya mwanamke wa Uganda, halafu kokoto. Alifariki mwaka 2002. Hakufika miaka 51.

Wenzetu waliposoma sehemu hiyo kwenye simu, kundi zima likanyamaza. Tulikuwa tumetafuta jibu la kumpelekea mama, na jibu lenyewe ndilo hili?

Tukabishana mpaka saa nne usiku. Mmoja wetu akasema: tumwambie mpaka Edinburgh tu. Binti wa miaka 18, medali ya shaba, mwanamke wa kwanza, basi. Hayo yote ni kweli, hatujadanganya. Mama atafurahi, binti atarudi mazoezini. Kwa nini tumtwishe habari za mawe?

Kwa kweli wazo lile lilitushika. Lakini dada mmoja, ambaye huwa haongei sana, akasema: "Sisi wenyewe tunajua hadithi ikikatwa inakuwaje." Na hapo kila mtu akaelewa. Maana tumeshaonekana kwenye picha nyingi sana. Anakuja mgeni na kamera, anakukuta unacheka na mpira mkononi, anapiga picha, anaondoka. Ile picha si ya uongo. Ulikuwa unacheka kweli. Ila jioni yake hayupo, wala siku mgao unapopungua, wala siku unapomaliza shule na hakuna wa kukuuliza unaenda wapi. Kama tungekata maisha ya Ayaa pale Edinburgh, tungekuwa tumempiga picha ya aina hiyo hiyo.

Tukarudi kwa mama. Tukamsimulia yote, kuanzia sehemu 11 za sekunde mpaka nyundo. Binti yake alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Tulipomaliza tulingoja atufukuze.

Mama hakutufukuza. Alisema, "Mawe nayajua. Niliponda Goma kabla ya kuja huku, ya volkano, magumu." Akakaa kimya kidogo. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo tunatembea nalo: "Na wale waliompigia makofi, walikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Lakini tulipokuwa tunarudi tukagundua kwamba swali lake ni swali la mbio za kupokezana. Kocha wetu hutuambia kila Jumamosi: watu wanadhani mbio za vijiti hushindwa na mwenye kasi. Hapana. Hushindwa au hupotea kwenye lile eneo la kupokezana. Mbio ya mita 400 mara nne ina eneo la mita 20 tu. Anayekuja amechoka, haoni vizuri, miguu imekwisha. Kazi yote hapo ni ya anayepokea: ageuke, amtazame mwenzake, anyooshe mkono, aanze kukimbia kwa kipimo chake. Kijiti kikianguka, wengi humlaumu aliyechoka. Kocha humuuliza kwanza aliyekuwa anasubiri.

Ayaa alikimbia sehemu yake yote. Mwaka 1970 alileta kijiti mpaka mwisho wa mstari, tena kwa sekunde 53.77. Alipofika, mkono ulionyooshwa haukuwepo. Nchi ilikuwa kwenye mapinduzi, halafu kwenye vita, na hata ilipotulia hakuna aliyegeuka nyuma kwa wakati. Hatusemi hivi kumlaumu mtu mmoja. Tunasema kwa sababu na sisi tuko pale pale kwenye eneo la kupokezana, na wasichana wanne wanatujia mbio.

Hatutaki pia mtu asome habari hii aseme, "Unaona? Kukimbia ni kazi bure." Hapana. Shaba ile ilikuwa kitu. Kabla ya Dorcus Inzikuru wa Arua kushinda ubingwa wa dunia Helsinki mwaka 2005, kabla ya Halimah Nakaayi kushinda mita 800 Doha mwaka 2019, kabla ya Chemutai, kulikuwa na msichana mmoja wa kaskazini aliyeonyesha kwamba mwanamke wa Uganda anaweza kusimama kwenye jukwaa la medali. Na kwa upande wetu wakimbizi, mwaka 2016 pale Rio timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki ilikuwa na watu 10, watano wao wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, na wawili wanajudo wa Kongo. Rose Nathike Lokonyen wa Kakuma ndiye aliyebeba bendera. Mwaka 2024 Paris, bondia Cindy Ngamba aliipa timu hiyo medali yake ya kwanza, shaba vilevile. Mlango upo.

Ila sasa tunajua kuuliza baada ya mlango kuna nini. Kwa hiyo kundi letu limekubaliana mambo machache, na tunayaandika hapa ili mtukamate tukisahau. La kwanza, hakuna atakayeachishwa shule au ufundi kwa ajili ya mazoezi. Anayeshona aendelee kushona, anayesoma asome, kiwanja kitamsubiri jioni. La pili, msichana akiumia au akiacha kukimbia, bado ni wa kundi. Tutaenda kwao kumwona kama tulivyokuwa tunaenda alipokuwa anashinda. La tatu, tumeanza daftari la majina: nani alikimbia, lini, muda gani, na sasa yuko wapi. Hiyo safu ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote.

Kwa ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, hatuna lawama, tuna ombi. Mnapoleta mipira, fulana na viatu, tunashukuru kwa moyo. Mkija tena baada ya mwaka, msituulize tu timu ilipata nafasi ya ngapi. Tuulizeni yule aliyekimbia wa mwisho yuko wapi.

Binti amerudi mazoezini. Mama aliweka masharti mawili: maji yawe yameshachotwa, na mitihani isiguswe. Jumamosi iliyopita tuliwapeleka wote wanne Mbarara, kwenye kiwanja cha shule moja chenye mzunguko uliopimwa vizuri, maana kamba yetu hatuiamini sana. Binti alikimbia mzunguko mmoja peke yake, tukampima kwa simu: sekunde 67. Alipoona namba akauliza, "Ayaa alikuwa ngapi?" Tukamwambia. Akahesabu kwa vidole, akacheka, akasema bado sekunde 13.

Tumeandika kwenye daftari: sekunde 67, Mbarara. Kwenye safu ya mwisho tumeandika: yuko nyumbani, Nakivale, anaendelea na shule.

Kama mzee wako, mama yako au jirani yako aliwahi kumwona Judith Ayaa akikimbia, au alikuwa mkimbiaji yeye mwenyewe kabla ya vita kumleta huku, tuandikieni. Tunataka kumsikia akiwa bado anaweza kutusimulia mwenyewe.